MALARIA ISIYO NA HOMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kibera na Kawangware



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme mbele yenu juu ya jambo la kupimwa damu. Wengi mmekwisha kulisikia, na wengine mmelisikia vibaya. Wako wanaosema kila mtu atokaye likizoni upande wa ziwa atachomwa kidole kabla ya kurudi kazini. Wako wanaosema damu hiyo inapelekwa kutafutiwa magonjwa mengine. Na wako, tena ni wana chama wenzetu, waliosema kwamba watu wa ziwa wasipewe vyumba Kawangware mpaka waonyeshe karatasi ya daktari. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tusimame hapa leo badala ya kupumzika na watoto wetu.

Tuanze na msiba, maana ndipo jambo lilipoanza.

Mnamjua mwenzetu mmoja wa kazi ya njia, anayekaa Kawangware upande wa Gatina. Jina hatutalitaja ingawa yeye mwenyewe ametupa ruhusa kusimulia. Mwezi wa Desemba alikwenda kwao karibu na ziwa pamoja na mama watoto na kijana wao wa miaka 6. Kijana huyu alizaliwa hapa Nairobi, na kule kwa babu yake alikuwa amefika mara moja tu, angali mgongoni. Walikaa majuma matatu, wakala sikukuu vizuri, wakarudi. Siku ya kumi baada ya kurudi mtoto akashikwa na homa. Wakampeleka kliniki ya karibu, wakaambiwa ni taifodi, akapigwa sindano, wakalipa. Hakuna aliyewauliza, "Mmetoka wapi?" Nao hawakusema, maana hawakujua kwamba ni neno la kusema. Siku ya nne mtoto akaanza kutetemeka na macho kugeuka. Alipofikishwa hospitali kubwa damu yake ilikuwa imejaa vijidudu vya malaria. Hakupambazukiwa.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Madaktari walitaka kupima damu ya wote waliosafiri pamoja naye. Mama hakuonekana na kitu. Baba, aliyekuwa mzima kabisa, aliyebeba reli siku ya Jumatatu na Jumanne bila hata kuumwa kichwa, akaonekana ana vijidudu vile vile. Habari ikatoka, hatujui kwa mlango gani, na kabla ya matanga kwisha majirani walikuwa wakisema kwamba baba ndiye aliyemwua mtoto wake kwa damu yake. Mtu huyu aliacha kuja mkutanoni. Aliacha hata kula na wenzake kazini.

Sisi si madaktari. Wengi wetu tulitoka shule ya misheni tukiwa na darasa la saba, tukashika nyundo. Lakini tumeuliza na kusoma mpaka tukaelewa, na twaweza kusema wazi: maneno yale ni ya uongo. Malaria haitoki kwa mtu ikamrukia mtu mwingine kwa kulala chumba kimoja, wala kwa kula sahani moja, wala kwa jasho. Lazima awepo mbu wa namna yake, naye ni jike la mbu aitwaye anofelesi. Huyo amwume mwenye vijidudu, vijidudu vikae ndani yake siku kumi au zaidi vikikua, ndipo akimwuma mwingine ampe. Mtoto yule aliumwa kule kule kwa babu yake. Baba naye yaelekea aliumwa katika nyumba ile ile, pengine usiku ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na ngao na mwingine hakuwa nayo.

Ngao hiyo ni nini? Mtu aliyezaliwa na kukulia mahali penye malaria nyingi huumwa na mbu hao tangu uchanga. Akiokoka katika miaka ile ya kwanza, na wengi hawakuokoka, mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupigana na vijidudu. Hauvifukuzi vyote, bali unavizuia visiwe vingi. Basi mtu huyo huenda shamba, huenda kazini, hucheza ngoma, na damuni amebeba wageni. Hana homa, hana kutapika, hana habari. Huyo ndiye madaktari wanayemwita mwenye malaria isiyo na dalili. Lakini mtoto wa Nairobi hakufundishwa vita hivyo. Akiumwa mara moja tu aweza kufa. Hata mtu mzima aliyekaa hapa Laini Saba au Makina miaka kumi bila kwenda kwao, ngao yake huchakaa, na akienda mazishini ghafula aweza kurudi na homa kali inayomshangaza.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Laveran, akiwa Algeria, aliviona vijidudu hivyo ndani ya damu kwa darubini. Mwaka 1897 Ross, akiwa India, alivikuta tumboni mwa mbu. Na mwaka 1900 Mjerumani Koch alikwenda katika kisiwa cha New Guinea akapima damu ya watu wote wa mahali pamoja, wagonjwa na wazima. Alikuta watoto wengi wenye vijidudu, na watu wazima wa mahali pale wachache. Akawapa kwinini wote walioonekana navyo, hata wasiokuwa na homa. Kwa hiyo fikira ya kumpima mtu mzima ili kumwondoa mbu chakula chake ina umri zaidi ya miaka 120. Tukiisikia leo tusidhani imeletwa kwa ajili ya kutuonea sisi.

Tena sisi watu wa reli tusijifanye kwamba homa hii ni ya wengine. Reli ya kwanza ilitiwa chini Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901. Katika kazi ile walikufa vibarua wa Kihindi karibu 2,500, na malaria ilikuwa mojawapo ya wauaji. Nairobi yenyewe ilianza kwenye bwawa la matope, na homa ilikuwako hapa miaka mingi kabla ya mifereji kuchimbwa. Na reli na barabara zilipopanda nyanda za juu, zikichukua vibarua kutoka nchi za joto, vijidudu navyo vilipanda bila tikiti. Njia inayopita katikati ya Kibera, hii tunayoivuka kila asubuhi na watoto wanayocheza juu yake, ndiyo inayokwenda ziwani.

Leo Nairobi ina malaria kidogo sana. Sababu kubwa ni baridi. Kijidudu ndani ya mbu chahitaji joto, na hali ya hewa ikishuka chini ya kiasi cha digrii 18 hukua polepole mno hata mbu hufa kabla hakijakomaa. Ndiyo maana Julai yetu, ingawa inatutesa kifua, inatulinda. Na mbu hawa wanaotula usiku Kibera, wanaozaliana katika maji machafu ya mitaro na karibu na Bwawa la Nairobi, wengi wao ni wa namna nyingine wasiochukua malaria. Wanaudhi, wananyima usingizi, tena tuna haki ya kudai mitaro izibuliwe, lakini si hao waliomwua mtoto wa mwenzetu.

Upande wa ziwa hali ni nyingine. Serikali ilipopima watoto majumbani mwaka 2020, tangu wa miezi sita hadi wa miaka 14, katika Kenya nzima walioonekana na vijidudu kwa darubini walikuwa kama 6 katika kila 100, lakini katika mikoa ya ziwa walikuwa 19 katika kila 100. Miaka mitano nyuma, 2015, walikuwa 27. Angalieni kwamba hao walikutwa nyumbani, si katika vitanda vya hospitali. Huku kwetu kwenye hatari ndogo hawakufika hata mmoja katika 100.

Basi, ndugu, swali ni hili. Ikiwa wako watu wazima wa afya wanaobeba vijidudu, kwa nini tusipimwe sote, wenye navyo wapewe dawa, mambo yakaisha?

Tulipoanza kulizungumza jambo hili katika Halmashauri, wengi wetu tulikubali mara moja. Lilitukumbusha kazi yetu wenyewe. Gurudumu la behewa laweza kuonekana zima, limepakwa mafuta, linang'aa, na ndani lina ufa. Fundi hulipita na nyundo, akaligonga, akasikiliza. Lenye ufa hulia sauti ya chungu kilichopasuka. Hatungoji behewa lianguke bondeni ndipo tuseme lilikuwa bovu. Tukasema, na watu wapigwe nyundo vivyo hivyo.

Lakini tulipofuata habari zaidi tuliona kwamba nyundo iliyoko ni ndogo, na hapa twaomba msikilize kwa makini kwa kuwa watu wengi hupenda kuishia pale penye maneno matamu.

Katika Siaya, kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vilivyochaguliwa, mara tatu kwa mwaka, miaka miwili, wakipima kila waliyemkuta kwa kile kipimo cha haraka cha tone la kidole, na kuwapa dawa walioonekana navyo. Mwishowe wakalinganisha na vijiji ambavyo havikupitiwa. Wagonjwa wa malaria hawakupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Kule Kwale, kati ya 2010 na 2012, jambo la namna hiyo lilijaribiwa kwa watoto wa shule. Shule 101 ziliingia katika majaribio. Watoto waliopimwa na kutibiwa kila muhula hawakupata damu zaidi wala hawakuwa wepesi zaidi darasani kuliko wenzao. Na Unguja na Pemba, ambako malaria imekwisha kushuka sana, mwaka 2012 walipima maelfu ya watu mara mbili. Kipimo cha kidole kilionyesha wachache mno, hawakufika hata mmoja katika 100. Lakini damu ya watu wale ilipopelekwa kwenye mashine kubwa za maabara, wenye vijidudu walionekana kuwa mara kadhaa zaidi. Nyundo ilikuwa imepita juu ya nyufa nyingi bila kuzisikia. Na wagonjwa waliofuata hawakupungua.

Sababu ziko wazi ukizifikiri. Mtu asiye na homa mara nyingi ana vijidudu vichache, na kipimo cha haraka kilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wenye vingi. Kinamwambia, "Huna," naye anavyo, na mbu aweza kuvinyonya. Tena kipimo hicho hukosea na upande wa pili: mtu aliyekwisha kutibiwa aweza kuonekana navyo majuma kadhaa, kama moshi unaobaki jikoni baada ya moto kuzimwa. Tena siku ya kupima wengine wako ziwani wanavua, wengine sokoni, wengine wamejificha. Na palipo na mbu wengi, mtu aliyetibiwa leo huumwa tena kesho kutwa. Dawa tunazopewa siku hizi ni nzuri, lakini hata zenyewe hazimalizi upesi vile vijidudu vilivyokomaa ambavyo mbu huvitaka. Kwa hivyo viko vidonge vingine, aina ya primakwini, navyo hutolewa kwa uangalizi wa daktari kwa kuwa vyaweza kuwadhuru watu wengine wenye damu ya namna fulani.

Hatusemi basi kwamba kupima ni bure. Zanzibar hawakuacha, waligeuza njia. Mgonjwa akipatikana hospitalini, habari hupelekwa kwa simu, na wapimaji humfuata mpaka nyumbani kwake, wakauliza alisafiri wapi, wakapima walio katika nyumba yake. Ni kama sisi tunapokuta gurudumu moja limepasuka: hatukimbii kugonga magurudumu yote ya Afrika Mashariki, tunaanza na yale yaliyokwenda katika gari lile. Wagonjwa wengi kule walionekana kuwa watu waliotoka safarini bara. Na jambo moja wazee wa visiwani wanalijua zaidi yetu: katika miaka ya 1950 na 1960 malaria ilikwisha kushushwa sana kule kwa kupiga dawa majumbani, kazi ikaachwa mwaka 1968, nayo homa ikarudi. Taveta vile vile dawa ilipigwa tangu 1955 mpaka 1959, ikaachwa, homa ikarudi polepole. Nchi nyingine zimefika mwisho wa safari: Algeria ilipewa cheti mwaka 2019, Cabo Verde na Misri mwaka 2024. Sisi bado. Hapa Kenya Serikali ilianza kutaja kaunti chache za nyanda za juu, kama Nyeri na Laikipia, kuwa za kwanza kujaribu kuimaliza kabisa.

Kwa hiyo maoni ya Halmashauri ni haya. Kumpima kila mkazi wa Kibera na Kawangware aliye mzima ni kupoteza tone la damu na fedha ya kodi. Kuwapima watu wa kabila fulani mlangoni pa kazi au mlangoni pa chumba ni ubaguzi, na chama hiki kitaupinga kwa nguvu zake zote. Wazee wetu katika zama za kipande walisimamishwa mistari na kukaguliwa kabla ya kazi, na hatukupigania Uhuru ili mwenye nyumba wa Kawangware achukue kazi ile. Lakini kumpima mtu mwenye homa aliyetoka safari, siku ile ile, bila kungoja, na kuwapima waliosafiri naye ikiwa ameonekana nayo, hilo twalitaka, twalidai, na twasema limechelewa kwa mtoto mmoja.

Wengine watauliza, ikiwa baba yule hakumdhuru mtoto wake, ana haja gani ya kutibiwa? Anayo. Kwanza kwa afya yake mwenyewe; ngao yake inachakaa kila mwaka anaokaa huku, na vijidudu vile vyaweza kumwangusha siku asiyoitazamia. Pili, baridi yetu si ukuta wa mawe. Mwisho wa mwaka 2022 wataalamu walimkuta Marsabit mbu mgeni aitwaye stefensi, aliyetoka Asia. Huyu hapendi kinamasi cha shamba. Anazaa katika tangi, pipa, ndoo na maji safi ya mjini. Alionekana Jibuti mwaka 2012, na mwaka huo wagonjwa wa malaria walioandikwa kule walikuwa 27. Kufikia 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Na sisi hapa, nani hana mtungi wa maji uani, maana mfereji hutoka siku mbili kwa juma? Tufunike mapipa yetu. Hili halihitaji daktari wala mkutano.

Sasa mambo tunayoyapeleka kwa wakubwa wa kazi. Wenzetu wanaopelekwa kazi Muhoroni, Kibos na Kisumu hulala mahemani na katika vibanda bila vyandarua. Tunataka chandarua chenye dawa kwa kila mtu anayelala nje upande ule, kiandikwe katika vifaa vya kazi kama viatu na koti la mvua. Tunataka mtu aliyerudi kutoka kule, au kutoka likizoni, akishikwa na homa ndani ya miezi miwili apewe ruhusa ya kwenda kupimwa bila kukatwa mshahara. Majibu ya damu ni ya mwenye damu. Yasipite mezani kwa mnyapara. Damu iliyotolewa kwa malaria ipimwe malaria tu. Mnajua kwamba tangu Sheria ya mwaka 2006 hakuna tajiri anayeruhusiwa kumlazimisha mtu apimwe ukimwi ili apate kazi. Basi asije mtu akaingilia dirishani kwa jina la malaria. Na anayekataa kuchomwa kidole aulizwe kwa upole sababu yake, asipoteze kazi. Mtu aliyetishwa hujificha, na aliyejificha hatapimwa kamwe.

Na kwetu wenyewe, hasa akina baba mnaowapeleka watoto wa Nairobi kwa bibi zao: nunueni chandarua kabla ya nguo ya sikukuu. Ulizeni hospitalini juu ya dawa ya kukinga kabla ya safari. Mkirudi, mtoto akipata joto, msikubali sindano ya taifodi kabla damu haijaonekana. Semeni kwa sauti, "Tumetoka ziwani," au, "Tumetoka pwani," hata kama mwenye kliniki hakuuliza. Waendao Kilifi na Kwale hili lawahusu vile vile. Na kinyume chake pia: mtu ambaye hakutoka nje ya Nairobi mwaka mzima asijinunulie dawa ya malaria kila anapoumwa kichwa. Wengi huku hutibiwa malaria wasiyokuwa nayo, na ugonjwa wao wa kweli unaendelea.

Mwenzetu wa Gatina amekwisha kunywa dawa yake yote. Juma lililopita alirudi kazini na kula na wenzake, na tunawashukuru waliomsogezea benchi bila kuulizwa. Ameomba achaguliwe katika watu watatu watakaokwenda pamoja na Katibu kuzungumza na wakubwa juu ya vyandarua, na Halmashauri imekubali.

Karatasi ya majina ya watakaosafiri Agosti iko kwa karani wa tawi. Andikeni jina, mahali mwendako, na hesabu ya watoto, ili tujue vyandarua vingapi vya kudai. Njooni kabla ya saa kumi, maana karani hukaa Kikuyu na gari lake halimngojei.